Vilabu vya kandanda ukanda wa Ziwa: Nani hulipa, nani hubeba deni?

MWAKA 2006 taji la Ligi Kuu ya Kenya lilikwenda Awendo, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya miwa katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Migori. SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Nyanza Kusini, iliwapiku vigogo wa Nairobi na kuwapa wakulima wa miwa sababu ya kutembea kifua mbele. Miaka 13 baadaye, Oktoba 2019, klabu hiyo hiyo ilitimuliwa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani mara tatu. Haikuwa imefungwa mabao mengi wala haikuwa imekosa wachezaji wenye vipaji. Ilikosa pesa za kuisafirisha timu.

Kisa cha SoNy si cha pekee. Ukanda wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, kuanzia Muhoroni na Chemelil, ukipitia Kisumu, hadi Awendo na Homa Bay, umeizalia nchi wanasoka wengi na mashabiki wenye mapenzi makubwa ya kabumbu. Hata hivyo, ni vilabu vichache mno vya eneo hili vilivyoweza kudumu katika ngazi ya juu. Makala haya yanaeleza vilabu hivyo vilipata wapi fedha, kwa nini vingi vilianguka, na ni kipi kilichovinusuru vilivyosalia.

MIZIZI: VYAMA VYA JAMII

Kabla ya makampuni kuingia katika mchezo huu, timu zilikuwa mali ya watu. Luo Union iliundwa chini ya kivuli cha chama cha ustawi wa jamii ya Waluo, kilichokuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika Mashariki palipokuwa na wafanyakazi wa reli, bandari na ofisi za serikali. Timu hiyo ilishinda ligi ya taifa mwaka 1964 na tena mwaka 1975, kisha ikatwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977.

Gor Mahia ilizaliwa mwaka 1968 kutokana na muungano wa Luo Union na Luo Sports Club, ikapewa jina la mganga na shujaa mashuhuri wa Kanyamwa. Katika mwaka wake wa kwanza tu ilitwaa ubingwa wa ligi. Muungano huo haukuwaridhisha wote, na ndiyo sababu Luo Union iliendelea kuwa timu ya kujitegemea kwa miaka kadhaa baadaye. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila mwaka 1980, Luo Union ilijiita Re-Union, nayo Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor Mahia ilibaki na jina lake kwa kuwa lilikuwa la mtu, si la kabila.

Fedha za wakati huo zilikuwa za aina tatu: viingilio vya langoni, michango ya wanachama, na ukarimu wa wanasiasa na wafanyabiashara. Wachezaji wengi walikuwa na ajira kwingineko na walicheza kwa mapenzi, heshima na marupurupu madogo. Gharama zilikuwa chini, na umati ulikuwa mkubwa. Mfumo huo ulitosha kuifikisha Gor Mahia kileleni mwa Afrika mwaka 1987, ilipotwaa Kombe la Washindi barani, lililojulikana pia kama Kombe la Nelson Mandela. Fainali dhidi ya Esperance ya Tunisia iliishia kwa jumla ya mabao 3-3, yaani sare ya 2-2 jijini Tunis na ya 1-1 jijini Nairobi, na K'Ogalo wakanyakua kombe kwa sheria ya mabao ya ugenini. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara.

MIWA YALETA MSHAHARA

Wakati vyama vya jamii vilipokuwa vikitamba Nairobi, mashambani kulikuwa na mfumo mwingine. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilijengwa Miwani, mashariki mwa Kisumu, katika miaka ya 1920. Baada ya uhuru serikali ilijenga viwanda zaidi: Muhoroni na Chemelil katika miaka ya 1960, kisha SoNy mjini Awendo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1976. Kiwanda cha sukari si jengo la mashine pekee. Huwa na nyumba za wafanyakazi, shule, zahanati, klabu ya burudani, na takriban kila mara, uwanja wa mpira.

Timu ya kiwanda ilimpa kijana wa kijijini kitu ambacho timu ya chama haikuweza kumpa, nacho ni barua ya ajira. Mchezaji aliandikishwa kama karani, fundi au mlinzi. Alipata mshahara mwisho wa mwezi, na alipoumia goti au kuzeeka, alibaki kazini. Chemelil Sugar, Agro-Chemical na Muhoroni Youth, na SoNy Sugar upande wa kusini, zote zilichipuka katika udongo huo. Hali ilikuwa hivyo hivyo kwa majirani wa magharibi katika kiwanda cha Mumias.

Kwa kampuni, gharama hiyo ilikuwa na maana. Wafanyakazi walipata burudani mwishoni mwa juma, jina la sukari yao lilisikika redioni kila Jumapili, na wakulima waliona kuwa kiwanda ni chao. Mapato yalipokuwa mazuri hakuna aliyeuliza ni shilingi ngapi zilizokwenda kwenye viatu vya mpira.

Udhaifu wa mpango huo ulijificha katika daftari za hesabu. Timu ya kiwanda haikuwa na hesabu zake. Haikumiliki uwanja, basi wala akaunti ya kuitegemea. Ilikuwa idara mojawapo ya kampuni, kama karakana au jiko la wafanyakazi. Mkurugenzi aliyeipenda kandanda akiondoka, au mwaka mbaya ukiingia, idara hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukatwa.

SUKARI YAGEUKA SHUBIRI

Mwaka mbaya ulikuja, na haukuja peke yake. Miwani na Muhoroni ziliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni mwaka 2001. Miwani ilinyamaza kabisa. Kuanzia mwaka 2002 Kenya ililazimika kuomba ulinzi maalumu wa soko lake dhidi ya sukari ya bei nafuu kutoka nchi wanachama wa COMESA, na ulinzi huo ukaongezwa muda tena na tena kwa sababu viwanda vya serikali havikuwa tayari kushindana. Mashine zilichakaa, madeni yaliongezeka, na wakulima walikaa miezi mingi bila kulipwa malipo ya miwa waliyokwisha kupeleka.

Hapo ndipo suala la timu lilipogeuka kuwa suala la haki. Mkulima wa Awendo au Chemelil ambaye watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo angemtazamaje mchezaji anayelipwa na kampuni ile ile inayomdai subira? Na mfanyakazi wa kiwandani ambaye hajaona mshahara kwa miezi kadhaa angeelewaje basi la timu likijazwa mafuta kwenda Mombasa? Wasimamizi wa viwanda hawakuwa maadui wa kandanda. Walikuwa na orodha ya wadai mezani, na timu haikuwa na nafasi ya juu katika orodha hiyo.

Muhoroni Youth, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2012, ilishushwa daraja mwishoni mwa msimu wa 2017. Mapema mwaka huo shirikisho la FKF lilikuwa limeinyima leseni ya kushiriki ligi pamoja na Sofapaka, na ikalazimu Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo kuirejesha. SoNy ilitimuliwa Oktoba 2019, na ligi ikaendelea na timu 17. Chemelil ilivuta mkia msimu huo huo wa 2019/20, ambao ulikatizwa na janga la korona, nayo ikateremka.

Katika kipindi cha miaka mitatu hivi, ukanda wa miwa wa Nyanza uliokuwa na timu tatu katika Ligi Kuu ulibaki bila hata moja.

Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya umma kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa muda wa miaka 30, vikiwemo Chemelil, Muhoroni na SoNy. Mijadala iliyozuka ilihusu ardhi, malipo ya wakulima na malimbikizo ya mishahara ya wafanyakazi. Hayo ndiyo mambo ya kwanza, na yanastahili kuwa ya kwanza. Lakini kwa wapenzi wa kandanda swali lilikuwa wazi: mwekezaji anayekodi kiwanda ili apate faida ana wajibu gani kwa timu ambayo haimo katika orodha ya mali yoyote?

KISUMU: UMEME NA KAUNTI

Ndani ya jiji la Kisumu kwenyewe, mfadhili hakuwa mwenye miwa bali mashirika ya umma. Kisumu Posta ilivaa jina la shirika la posta. Western Stima, iliyocheza mechi nyingi za nyumbani katika Uwanja wa Moi, ilitegemea kampuni ya umeme ya Kenya Power. Kampuni hiyo ilipojiondoa, timu ilianza kuyumba, wachezaji wakahama, na mwishoni mwa msimu wa 2020/21 ikashuka daraja.

Ugatuzi ulileta tumaini jipya. Katiba ya mwaka 2010 inaorodhesha michezo na viwanja vyake miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, na serikali hizo zilianza kazi mwaka 2013. Kisumu All Stars, ikisaidiwa na serikali ya kaunti, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Haikudumu. Baada ya msimu mmoja tu ilishindwa na Vihiga United katika mchujo wa kuwania nafasi ya kubaki ligini, na ikarudi ilikotoka. Vihiga United nayo ilikuwa timu inayotegemea kaunti.

Fedha za kaunti zina tabia zake. Hutoka Nairobi zikiwa zimechelewa, hupitia bunge la kaunti, na hufuata mwaka wa fedha unaoanza Julai, ilhali mchezaji hula kila siku. Isitoshe, gavana hukaa madarakani kwa muda maalumu. Anayemrithi huenda asiwe na hamu ya kuilea timu iliyotambulika kama mtoto wa mtangulizi wake.

Kaunti zimefanikiwa zaidi katika jambo jingine: viwanja. Uwanja wa Jomo Kenyatta eneo la Mamboleo ulikuwa mwenyeji wa sherehe za Madaraka mwaka 2021, na Uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay ukapokea sherehe kama hizo mwaka 2025. Leo ukanda wa Ziwa una viwanja bora kuliko wakati wowote katika historia yake. Kinachokosekana ni timu imara za kuvijaza.

HESABU ISIYOTOSHA

Ili msomaji aelewe ugumu wa jambo hili, tuchukue mfano wa kubuni wa klabu ya kawaida. Tuseme ina wachezaji 25 na inamlipa kila mmoja shilingi 30,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakimtajirishi yeyote. Hizo ni shilingi 750,000 kila mwezi, au milioni 9 kwa mwaka, kabla ya kumlipa kocha, daktari au mtunza vifaa.

Katika ligi ya timu 18, klabu hucheza mechi 34, na 17 kati ya hizo huwa za nyumbani. Mashabiki 1,000 wakilipa shilingi 200 kila mmoja katika kila mechi, mapato ya msimu mzima ni shilingi milioni 3.4. Hayafiki nusu ya mishahara ya wachezaji. Bado hujalipia uwanja, usalama, gari la wagonjwa, wala safari ya basi kutoka Kisumu hadi Mombasa, ambako timu italala usiku mmoja au miwili. Tena mashabiki 1,000 wanaolipa ni umati ambao vilabu vingi nchini huuota tu.

Pengo hilo lazima lizibwe na mtu. Kwa muda mrefu lilizibwa na vyanzo viwili: mfadhili wa klabu, na fedha za ligi zilizotokana na haki za televisheni na jina la ligi. Chanzo cha kwanza tumekwisha kukieleza. Cha pili kilianguka pia.

WADHAMINI WAJA NA KUONDOKA

Kampuni ya KPL, iliyomilikiwa na vilabu vyenyewe, iliundwa mwaka 2003 ili kuiokoa ligi kutokana na vurugu za wasimamizi wa soka. Mkataba wake na kituo cha SuperSport cha Afrika Kusini ulivipa vilabu ruzuku ya mara kwa mara, na kwa timu ndogo za mashambani ruzuku hiyo ndiyo iliyolipa nauli. Aprili 2017 SuperSport ilivunja mkataba baada ya mvutano kuhusu kupanuliwa kwa ligi kutoka timu 16 hadi 18. Kejeli ya mambo ni kwamba upanuzi uliokusudiwa kuzipa nafasi timu zaidi ndio uliozinyang'anya timu zote chakula.

SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa imedhamini ligi tangu 2015, ilijiondoa kwa muda mapema mwaka 2018 ikilalamikia kodi ya asilimia 35, ikarudi, kisha ikaondoka tena Agosti 2019 baada ya leseni yake kutohuishwa katika mzozo wa ushuru na serikali. Pigo hilo la mwisho ndilo lililozikuta timu za sukari zikiwa tayari hoi. Si sadfa kwamba SoNy ilitimuliwa miezi miwili tu baadaye.

BetKing ilitia saini mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2 mwaka 2020, ikauvunja mwaka uliofuata. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa FKF, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya hadi Novemba mwaka huo. Ni mfanyabiashara gani angeweka pesa zake katika nyumba inayowaka moto? Mwaka 2025 SportPesa ilirejea kama mdhamini mkuu wa ligi. Vilabu vilishangilia, lakini vyenye kumbukumbu vilijua kuwa mkono uliotoa ndio uliowahi kujiondoa mara mbili.

Funzo la kipindi hiki ni kwamba kubadilisha mfadhili mmoja kwa mwingine si kujikomboa. Sukari ilipoanguka, kamari ilichukua nafasi yake. Kamari nayo hutegemea leseni na kodi, mambo yanayoweza kubadilika kwa kusomwa kwa bajeti moja. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini.

K'OGALO: MWENYE DENI HAFI

Katikati ya makaburi haya yote, Gor Mahia bado iko hai. Makao yake ni Nairobi, lakini moyo wake u Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, na kila inapocheza kando ya Ziwa huwa kama imerudi dala, yaani nyumbani. Je, ni tajiri kuliko SoNy ilivyokuwa? La hasha. Kwa miaka mingi imekuwa na matatizo ya fedha yaliyo makubwa zaidi.

Klabu hii ilikaa miaka 18 bila ubingwa wa ligi, kuanzia 1995 hadi 2013. Iliporudi kileleni ilitawala kama zamani, ikatwaa taji la 2015 bila kupoteza mechi na kufika robo fainali ya Kombe la Mashirikisho la Afrika msimu wa 2018/19. SportPesa ilipoondoka mwaka 2019, mishahara ilikwama na migomo ya wachezaji ikawa habari ya kawaida. Juni 2020 Betsafe ilitangaza udhamini wa miaka mitatu wa shilingi milioni 55 kwa mwaka, lakini madeni ya nyuma yalikuwa yameota mizizi. Wachezaji na makocha wa zamani walipeleka madai yao FIFA, na mwaka 2022 klabu ilikuwa chini ya marufuku ya kusajili wachezaji wapya.

Mwaka 2023 Gor Mahia ilitwaa ubingwa wake wa 20. Badala ya kusafiri kwenda kushindana na mabingwa wa Afrika, ilizuiwa kushiriki Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya madeni. Wachezaji waliovuja jasho msimu mzima walinyimwa tuzo waliyoipata uwanjani, kwa kosa la daftari. Mwaka 2024 ilishinda taji la 21.

Tofauti kati ya Gor Mahia na SoNy, kwa hiyo, haimo katika kiasi cha fedha. Imo katika jibu la swali hili: nani hubeba deni? Gor Mahia ni ya wanachama. Ina jina, katiba, matawi na mashabiki. Deni lake ni lake, na linaweza kulipwa polepole, kujadiliwa, hata kuaibisha. SoNy ilikuwa idara ya kampuni. Kampuni ilipoacha kulipa, hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa na haki wala wajibu wa kusema: hii ni yetu, tutachanga nauli. Klabu yenye deni inaweza kuugua miaka mingi na ipone. Klabu isiyo na mwenyewe hufa siku mfadhili anapofunga mkoba.

Hili halina maana kuwa mapenzi ya mashabiki yanatosha. Mapenzi hayo hayo yameivumilia klabu ikiwa bila uwanja wake wenyewe, na ikitegemea wanasiasa kila inapotakiwa kusafiri nje. Umati unaoimba ukiwa nje ya lango bila tiketi hauongezi shilingi katika akaunti ya klabu.

JIRANI ZETU

Upande wa pili wa mpaka, Tanzania imekuwa na timu zake za sukari. Mtibwa Sugar ya Morogoro ilikuwa bingwa wa bara mwaka 1999 na 2000, nayo Kagera Sugar imecheza miaka mingi mjini Bukoba, kando ya Ziwa hili hili. Mtibwa ilishuka daraja mwaka 2024 na Kagera mwaka 2025, lakini hazikufa kwa kukosa nauli. Sababu mojawapo ni fedha za televisheni: mwaka 2021 Azam ilitia saini mkataba wa miaka 10 na shirikisho la Tanzania wenye thamani ya shilingi za huko bilioni 225.6. Timu ndogo hupata mgao unaojulikana kabla ya msimu kuanza.

Simba ya Dar es Salaam nayo iliamua kubadilisha muundo, ikakubaliana na mfanyabiashara Mohamed Dewji awe na asilimia 49 ya hisa huku wanachama wakibaki na asilimia 51. Mpango huo umekuwa na mabishano yake, lakini uliweka wazi jambo ambalo vilabu vya Kenya huliepuka: nani ana mali gani, na kwa kiasi gani.

RAGA NAYO

Tatizo hili halikomei kwa soka. Klabu ya raga ya Kisumu huishi mbali na Nairobi, penye wafadhili na vyuo vikuu vinavyolisha mchezo huo. Kila safari ya ligi ni gharama. Tegemeo lake kubwa la kuonekana ni Dala Sevens, duru ya Kisumu ya mashindano ya kitaifa ya wachezaji saba kila upande, ambayo huwaleta wageni, hujaza hoteli na kuwapa wauzaji wa vyakula kazi ya siku mbili. Hapa pana jambo la kuigwa: klabu inayoandaa tukio lake yenyewe huwa na bidhaa ya kuuza kwa wafadhili wengi wadogo, badala ya kumpigia magoti mmoja mkubwa.

NINI HUIOKOA KLABU?

Kutokana na historia hii, mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, umiliki. Timu inayofadhiliwa na kampuni au kaunti inapaswa kusajiliwa kama chombo chenye uhai wake kwa mujibu wa Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, ikiwa na wanachama na akaunti yake, ili mfadhili akiondoka kibaki kitu cha kuokoa.

Pili, mkataba wa kuondoka. Mfadhili anayetaka kujitoa alazimike kutoa taarifa kabla ya msimu kwisha na kulipa mishahara iliyoiva. Pigo la ghafla katikati ya msimu ndilo huua, kwani hata mchezaji anayetaka kuhama hukuta dirisha la usajili limefungwa.

Tatu, matumizi yafuate mapato. Klabu inayosajili wachezaji kwa fedha ilizoahidiwa badala ya fedha ilizopokea huwa inakopa kutoka kwa wachezaji hao bila kuwaambia. Deni hilo hurudi likiwa na muhuri wa FIFA.

Nne, mashabiki wahesabiwe. Mtu 5,000 wakitoa shilingi 100 kila mwezi kwa njia ya simu, klabu hupata milioni 6 kwa mwaka. Katika mfano wetu wa hapo juu, kiasi hicho kikijumlishwa na milioni 3.4 za langoni hufikia milioni 9.4 na kulipa mishahara yote ya wachezaji. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho sharti kiwe na mfuniko: hesabu zilizokaguliwa na kusomwa hadharani kila mwaka. Mwanachama hachangi mara ya pili ikiwa hajui ya kwanza ilikwenda wapi.

Hakuna lolote kati ya haya linaloweza kurudisha ubingwa wa 2006 mjini Awendo kesho. Wapo vijana katika mashamba ya miwa ambao baba zao walipata ajira kwa sababu ya mguu wa kushoto, na wao leo wanacheza jioni bila kujua kama kuna timu itakayowahitaji. Wawekezaji wapya wa viwanda wakiamua kuzifufua timu hizo, wakazi watawapongeza, na itakuwa haki yao kupongezwa. Ila kabla ya kushona jezi mpya, itafaa wakazi waulize jina la nani limeandikwa kwenye hati ya klabu.